Heringi wa chumvi kwa viazi vya maganda: shajara ya mradi, Poznań

Ijumaa, 5 Desemba 2025

Mradi huu una mlo mmoja tu: heringi wa chumvi aliyerowekwa, akakatwa vipande na kuchanganywa na krimu chachu, kitunguu na tufaha, kisha akaliwa akiwa baridi pamoja na viazi vya moto vilivyochemshwa na maganda yake. Kwa Kipolandi huitwa śledź w śmietanie z ziemniakami w mundurkach. Hapa Poznań ni chakula cha kawaida kabisa, cha mchana wa siku ya kazi na cha sikukuu vilevile, na kila nyumba ina namna yake ya kukitengeneza pamoja na hakika kwamba heringi wa nyumba ya pili amezidi chumvi.

Nimekabidhiwa kazi ya kukipeleka kwenye meza ya Wigilia, yaani mlo wa mkesha wa Krismasi, kwa bibi jirani anayeishi ghorofa ya chini. Katika nyumba nyingi heringi ni miongoni mwa vyakula vya mwanzo katika mlo huo, na akiharibika huwaharibia wageni ulimi kabla supu ya bitiruti haijafika. Ndiyo maana nimeamua kufanya kazi kwa mizani na kuandika kila hatua, badala ya kufuata maelezo ya mapishi yanayosema "roweka hadi chumvi itoke" bila kutaja maji ni kiasi gani wala saa ni ngapi.

Jambo ninalotaka kulithibitisha ni hili: katika mlo huu chumvi yote huingia pamoja na samaki, kwa kuwa viazi, krimu, kitunguu na tufaha havihitaji kutiwa hata chembe. Ikiwa ni hivyo, kumroweka heringi ndiko kuitia chumvi sahani nzima, ila kwa njia ya kupunguza, na mpishi anayejua kiasi anachotaka kibaki anaweza kukihesabu kabla hajafungua bomba.

Jumamosi, 6 Desemba

Asubuhi nilikwenda Rynek Jeżycki, soko la wazi la mtaa wa Jeżyce, ambako kuna heringi wa kila namna. Kuna minofu inayoitwa matias, iliyotiwa chumvi kwa kiasi na kufungwa katika pakiti za plastiki, ambayo hupendwa kwa sababu imekwisha kuchunwa na kutolewa miiba. Kuna heringi mzima wa chumvi, ambaye zamani alichotwa katika pipa la mbao na siku hizi huchotwa katika ndoo ya plastiki iliyojaa maji chumvi ya rangi ya kahawia. Kuna pia samaki mbichi, lakini huyo ni wa kukaanga na hana nafasi hapa.

Muuzaji, alipoona nimeelekeza kidole kwenye ndoo, aliniuliza kama nataka dume au jike. Swali hilo lina uzito jikoni, kwa sababu dume hubeba tumboni mbegu laini nyeupe ambazo wapishi wa zamani walizisugua kwenye chujio na kuzikoroga katika krimu ili mchuzi uwe mzito, ilhali mayai ya jike hayafai kwa kazi hiyo. Nilichukua madume, na pamoja nao pakiti moja ya matias kwa ajili ya kulinganisha.

Polandi ina pwani yake ya Baltiki, na bandari kama Hel na Władysławowo bado hupokea heringi, lakini samaki wanaouzwa kwa chumvi hutoka kwa wingi Atlantiki ya Kaskazini, hasa Norwei. Sababu ya kwanza ni mafuta. Maji ya Baltiki yana chumvi kidogo, na heringi wake ni mdogo na mkavu zaidi kuliko wa bahari kuu, ilhali heringi wa Atlantiki anayevuliwa baada ya kunenepa wakati wa kiangazi anaweza kuwa na mafuta yanayofikia asilimia 20 hivi ya uzito wake. Mafuta hayo hayagandi katika baridi ya friji, na ndiyo yanayoufanya mnofu wa chumvi uwe mororo hata ukitolewa moja kwa moja kwenye barafu. Sababu ya pili ni kwamba akiba ya samaki wa Baltiki imedhoofika. Mwaka 2023 Tume ya Ulaya ilipendekeza uvuvi wa kumlenga heringi katika Baltiki ya kati usitishwe kwa mwaka uliofuata, na mawaziri wa uvuvi wakaishia kukubaliana kupunguza kiwango badala ya kuufunga.

Samaki huyu alizifikia meza za bara kwa pipa karne nyingi kabla ya friji. Katika Zama za Kati soko kubwa la heringi lilikuwa Skania, eneo lililo kusini mwa Uswidi ya leo, na wafanyabiashara wa Hansa, muungano wa miji ya biashara ya kaskazini mwa Ulaya ambao Gdańsk ulikuwa mmoja wa miji yake, walipeleka huko chumvi ya Lüneburg, mji wa Ujerumani, na kurudi na mapipa yaliyojaa. Kanisa liliweka siku nyingi za kujinyima nyama, na samaki anayekaa miezi bila kuoza alikuwa na wateja wa uhakika hata mbali na bahari. Mapokeo humtaja Mholanzi Willem Beukelszoon wa Biervliet, wa karne ya 14, kuwa ndiye aliyeeneza mkato mdogo wa kooni unaotoa matamvua na sehemu ya utumbo huku ukiliacha kongosho mahali pake. Vimeng'enya vya kongosho huendelea kuilainisha nyama ndani ya chumvi kwa wiki kadhaa, hivi kwamba heringi anayetoka kwenye pipa ameiva, ingawa hakupita motoni.

Jumapili, 7 Desemba

Leo nimemshughulikia heringi wa ndoo. Hukatwa kichwa, tumbo likapasuliwa, mbegu zikawekwa kando, utando mweusi wa ndani ukafutwa kwa kitambaa, kisha ngozi ikachunwa kuanzia upande wa kichwa kuelekea mkiani. Minofu hutenganishwa na uti wa mgongo kwa vidole. Kisu hapa huacha nyama nyingi kwenye mfupa. Nilipima gramu 400 za minofu na kuzitenga kwa jaribio la maji.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme samaki wa ndoo ana chumvi asilimia 10 ya uzito wake, makadirio ya kawaida kwa heringi aliyetiwa chumvi ya wastani, na kwamba asilimia 60 ya mnofu ni maji. Gramu 400 zitakuwa na gramu 40 za chumvi zilizoyeyuka katika gramu 240 za maji ya ndani. Ukimtumbukiza samaki huyo katika bakuli la maji na kumwacha muda wa kutosha, chumvi itahama mpaka ukali wa maji ya ndani na wa maji ya nje ulingane, na hapo itasimama, hata ukimwacha siku ya pili. Kinachoamua kiasi kinachobaki, basi, ni wingi wa maji uliyotia.

Ushauri unaosikika zaidi ni kubadilisha maji mara nyingi, na hesabu inaonyesha nguvu yake. Lita 2 za maji kwa mara moja huacha ndani ya minofu gramu 4 na kidogo za chumvi. Lita hizo hizo zikigawanywa mara mbili, lita 1 kisha lita 1 nyingine, huacha gramu 1.5 tu. Kwa anayetaka kuiondoa chumvi yote, kubadilisha maji ndiyo njia. Lakini nani anataka kuiondoa yote? Pamoja na chumvi hutoka pia ladha iliyojengwa na zile wiki za kuiva ndani ya pipa, na mpishi aliyebaki na samaki asiye na ladha hulazimika kurudisha chumvi ya kopo kwenye krimu. Nimekula heringi wa namna hiyo katika karamu zaidi ya moja, na naona ni hasara tupu.

Kwa hiyo nimeanzia mwisho. Sahani nzima ya watu wanne, yaani gramu 400 za samaki, gramu 700 za viazi, gramu 200 za krimu, na gramu 250 hivi za kitunguu na tufaha, ina uzito wa gramu 1,550. Chakula kilichokolea vizuri huwa na chumvi karibu asilimia 0.8, na hiyo kwa uzito huu ni gramu 12. Ninataka basi samaki abaki na gramu 12 kati ya 40. Njia ya kupata maji yanayohitajika ni kugawanya chumvi iliyopo kwa chumvi inayotakiwa kubaki, kuzidisha jibu kwa maji yaliyomo ndani ya samaki, kisha kuyatoa maji hayo ya ndani. Jibu ni mililita 560, kiasi kidogo mno kuliko nilivyozoea kuona kwenye sinki za watu, kinachofunika minofu kwa shida. Nimeitia katika bakuli jembamba, nikaifunika, na kuiweka katika friji hadi kesho, kwa sababu kuroweka kwa saa nyingi hakufai kufanywa mezani.

Jumatatu, 8 Desemba

Minofu imevimba kidogo na kuwa laini. Kipande kilicholiwa peke yake ni cha chumvi kali, na anayeonja hivyo angesema kazi bado. Kikiliwa na kiazi kisicho na chumvi, kinakaa sawasawa. Hili ni jambo la kulishika: heringi wa mlo huu asionjwe pasipo kiazi.

Ili nisitegemee ulimi pekee, nilichukua mililita 100 za maji ya kurowekea, nikayachemsha katika sufuria ndogo niliyoipima kabla, hadi yakakauka, kisha nikaipima tena. Kilichobaki kilikuwa gramu 5.4, pamoja na utando mwembamba wa protini iliyoganda. Hesabu ilitarajia gramu 5. Baada ya kuiachia protini sehemu yake, naona samaki wa ndoo hii amezidi kidogo asilimia 10, na kwamba mililita 600 kwa kila gramu 400 za minofu zitakuwa salama zaidi kwa meza ya wageni.

Matias wa pakiti ni rahisi zaidi, kwa kuwa kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka lebo iseme kiasi cha chumvi katika kila gramu 100. Pakiti yangu inasema 6. Gramu 400 zina basi gramu 24, na hesabu ile ile inadai mililita 240 tu. Kwa kiasi kidogo namna hii unaweza kutumia maziwa badala ya maji, kama mapishi mengi ya Kipolandi yanavyoshauri, na kweli maziwa huipunguza ile harufu ya samaki inayobaki vidoleni. Kwa heringi wa ndoo nabaki na maji.

Jumanne, 9 Desemba

Viazi. Katika masoko ya hapa viazi huuzwa kwa herufi: A ni vile vinavyobaki imara baada ya kuchemshwa na hufaa kwa saladi, C ni vya unga vinavyopasuka na kufaa kwa kuponda, B viko katikati, na kuna AB na BC kwa walio kati ya kati. Nilichemsha A, B na C kwa wakati mmoja katika sufuria tofauti, vyote vikianzia katika maji baridi yasiyo na chumvi. C hunyonya mchuzi upesi na kugeuka uji sahanini. A hakinyonyi chochote, na krimu huteleza juu yake ikaenda zake pembeni. B hupasuka kidogo ganda linapotobolewa, na katika mpasuko huo krimu huingia na kutulia, na kwa sababu hiyo nimekichagua.

Ganda libaki hadi mezani, kwa kuwa kiazi kilichomenywa huchukua maji ya sufuria, na kiazi chenye maji hupooza ladha ya samaki. Baada ya kuchuja, rudisha sufuria yenye viazi, isiyo na maji, kwenye moto mdogo kwa dakika moja, ukiitikisa, ili mvuke uondoke na ganda likauke. Wenyeji wa Poznań huviita viazi pyry, na nchi nzima huwatania kwa mapenzi yao kwa zao hili. Husimuliwa kwamba mfalme Jan III Sobieski ndiye aliyevileta viazi vya kwanza Polandi, akivituma kwa malkia wake kutoka Vienna mwaka 1683. Kilimo chake kilienea baadaye, katika karne ya 18.

Alhamisi, 11 Desemba

Nilimpigia simu shangazi yangu wa Tanga kumjulia hali, na baada ya shikamoo na marahaba akauliza ninapika nini siku hizi. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, samaki asiyepita motoni, tumbo litamkubali?" Swali lake linastahili jibu la maandishi, hasa kwa kuwa aliongeza kwamba papa mkavu anaye jikoni na angeweza kujaribu.

Hatari kubwa ya heringi asiyepikwa ni minyoo ya jamii ya Anisakis, ambayo huishi katika samaki wa bahari na inaweza kumuumiza mtu tumboni. Uholanzi, ambako heringi wa chumvi kidogo huliwa bila kupikwa, iliweka sharti la kumgandisha mwaka 1968, na leo kanuni za Umoja wa Ulaya zinadai samaki wa kuliwa hivyo agandishwe hadi kiini chake kifikie nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 kwa uchache, au nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15, isipokuwa pale inapothibitishwa kwamba njia nyingine imeiua minyoo hiyo. Friza ya nyumbani, yaani sehemu ya kugandishia, kwa kawaida hufika nyuzi 18 tu chini ya sifuri, tena polepole. Kwa hiyo situmii heringi mbichi wa sokoni niliyemtia chumvi mwenyewe. Nanunua aliyekwisha kushughulikiwa na kiwanda, na akishafika nyumbani hatoki katika baridi.

Papa mkavu na ng'onda ni habari nyingine. Hao wamekaushwa juani, wameguswa na upepo na vumbi, na mapishi yetu yote ya pwani yanachukulia kwamba watachemshwa au kukaangwa kabla ya kuliwa. Nilimwambia shangazi kwamba hesabu ya maji ingemfaa kwa kuroweka, lakini baada ya hapo samaki wake lazima aende motoni, achambuliwe, apoe, ndipo akutane na krimu. Hata dagaa papa, ambaye kisayansi ni wa kundi moja na heringi, asiliwe bila kupikwa kwa kisingizio cha undugu huo. Shangazi akajibu kwamba papa wake atakwenda kwenye nazi kama kawaida, na huo nao ni uamuzi wa busara.

Jumapili, 14 Desemba

Siku ya mchuzi. Krimu chachu inayouzwa hapa hutofautishwa kwa asilimia ya mafuta, na zinazohusika ni ya 12 na ya 18. Nilitengeneza mabakuli mawili yaliyofanana kwa kila kitu isipokuwa krimu, nikayaweka katika friji usiku kucha. Ile ya 12 ilijitenga: chini kulikuwa na maji ya kijivu, juu mabonge. Ya 18 ilishika. Wako wanaochanganya mayonezi nusu kwa nusu ili kuikwepa shida hii, lakini mayonezi huja na chumvi yake na siki yake, na hesabu yote ya Jumapili iliyopita inavurugika.

Hata krimu ya 18 ililegea kuliko nilivyotaka, na sababu si krimu. Chumvi ya samaki huvuta maji kutoka katika kitunguu na tufaha, na maji hayo hayana pa kwenda ila mchuzini. Nilirudia kwa mpangilio tofauti. Kitunguu kilikatwa vipande vyembamba, kikamwagiwa maji yanayochemka, kikachujwa mara moja na kukaushwa kwa taulo. Maji ya moto huua kimeng'enya kinachozalisha ule ukali wa kuchoma macho, na kitunguu hubaki kitamu na chenye kukwaruza kidogo menoni. Samaki na kitunguu hicho vilikaa katika krimu tangu jioni. Tufaha liliingia asubuhi, saa moja kabla ya kula, likiwa limekatwa vipande vidogo na kunyunyiziwa maji ya limau ili lisigeuke rangi. Mchuzi ulibaki mzito na tufaha likabaki na mlio wake. Polandi ndiyo nchi inayotoa matufaha mengi zaidi katika Umoja wa Ulaya, na sokoni mtu huchagua kama tunavyochagua maembe. Ya kutafuta ni yenye uchachu, kama reneta ya kijivu, na yale matamu mekundu yaachwe yaliwe mkononi.

Mbegu za dume nilizisugua kwenye chujio na kuzikoroga katika nusu ya krimu. Zinaufanya mchuzi uwe mzito bila shaka yoyote, na zinauongezea ladha nzito ya bahari ambayo mimi naipenda na ambayo mgeni asiyeijua anaweza kuikataa. Bibi jirani, nilipompelekea kijiko cha kila upande, alichagua ule wenye mbegu bila kusita, akasema ndio ulivyokuwa kwa mama yake. Meza ni yake, mbegu zitatumika.

Kuhusu sukari: wengi hapa huitia, wengine hadi krimu ikaribie kuwa ya keki. Nimekataa. Utamu wa tufaha na kitunguu unatosha, na kijiko kidogo cha haradali pamoja na pilipili manga iliyosagwa muda huo huo vinafanya kazi iliyobaki. Shibiti, majani yake mabichi na si mbegu, hukatwakatwa na kunyunyizwa wakati wa kupakua, maana yakilala katika krimu hunyauka na harufu yake hufa.

Jumatano, 17 Desemba

Nimejaribu pia namna isiyo na krimu, kwa ajili ya mgeni mmoja ambaye hali maziwa. Minofu iliyorowekwa kwa hesabu ile ile hupangwa katika mtungi wa kioo, tabaka la samaki na tabaka la kitunguu, na kufunikwa kwa mafuta ya mbegu za kitani pamoja na jani la laureli na pilipili manga nzima. Mafuta ya kitani yamezoeleka sana katika eneo hili la Wielkopolska. Yana uchungu kidogo na harufu ya nyasi, na huharibika upesi yakikutana na hewa, joto au mwanga, kwa hiyo huuzwa katika chupa ndogo nyeusi na kuwekwa katika friji. Anayetaka uchachu aongeze siki, akikumbuka kwamba siki nyeupe ya kawaida ya Polandi ina asidi asilimia 10 na haiguswi bila kuzimuliwa kwa maji mara tatu au nne ya kiasi chake.

Mtungi huu hauhitaji usimamizi. Siku ya pili ni bora kuliko ya kwanza.

Jumamosi, 20 Desemba

Leo mambo yote yamekutana kwenye sahani moja, na suala lililobaki lilikuwa la joto. Mlo huu unategemea viazi vya moto na samaki wa baridi kukutana mdomoni, si kabla ya hapo. Krimu ikimwagwa juu ya kiazi kinachotoa mvuke, mafuta yake huyeyuka, mchuzi hukimbia, na heringi aliyepata joto hutoa harufu inayojaza chumba. Vikipoa vyote viwili, unabaki na saladi ya kawaida, nzuri lakini isiyo na sababu ya kumsumbua mtu mpaka ndooni. Nimejaribu kutenganisha: heringi katika bakuli la udongo lililokaa katika friji, viazi katika kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa, na kila mlaji akipasua kiazi chake mwenyewe na kutia kijiko cha samaki wakati ule ule anapotaka kula. Namna hii ndiyo inayofanywa nyumbani kwa watu wengi hapa, na baada ya kuipima sioni cha kurekebisha.

Kwa mtindo wa mkahawa, mtu angeweza kupanga viazi, samaki na krimu kwa matabaka ndani ya pete ya chuma na kuinua mnara mzuri wa kupigia picha. Nimeufanya pia. Ulipendeza kwa muda wa picha, kisha tabaka la chini likaanza kulowa.

Chumvi ya sahani ilikaa pale ilipokusudiwa. Wawili kati ya walioonja waliomba kiazi cha ziada, na hakuna aliyeomba chumvi wala maji, na kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kweli kuliko gramu za sufuria kavu.

Jumanne, 23 Desemba

Maandalizi ya mwisho kwa watu wanane. Minofu ya heringi wa ndoo ni gramu 800, na iliingia jana asubuhi katika lita 1.2 za maji. Jana jioni ilichujwa, ikakaushwa vizuri kwa taulo la karatasi na kukatwa vipande vya upana wa vidole viwili. Krimu ya asilimia 18 ni gramu 400, nusu yake ikiwa na mbegu za madume. Vitunguu viwili vimemwagiwa maji ya moto na kukaushwa. Vyote hivi vimelala pamoja tangu jana usiku. Kesho mchana nitatia matufaha manne madogo, haradali na pilipili manga, kilo 1.4 za viazi vya herufi B vitawekwa jikoni nusu saa kabla ya kukaa mezani, navyo hupata dakika 20 hadi 25 tangu maji yachemke, kutegemea ukubwa wake. Mtungi wa mafuta ya kitani uko tayari kwa mgeni wetu.

Kesho ni siku ya mapumziko kwa nchi nzima, jambo linalotokea mwaka huu kwa mara ya kwanza baada ya sheria kubadilishwa, kwa hiyo bibi jirani ameahidi kuanza kupika asubuhi badala ya kukimbizana na jioni. Kwa desturi meza itakuwa na vyakula 12, bila nyama, ingawa Kanisa halilazimishi tena jambo hilo kwa siku hii, na hakuna atakayekula kabla ya nyota ya kwanza kuonekana. Katika Desemba ya Poznań giza huingia kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo viazi vyangu vitawekwa motoni saa kumi kamili. Ameniagiza pia nilete bakuli la ziada, kwa sababu mezani huandaliwa nafasi moja kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa, na nafasi hiyo nayo inastahili heringi wake.

Krimu itakayobaki ihesabiwe siku mbili katika friji, isizidi, na viazi vitakavyobaki vimenywe vikiwa vya vuguvugu, maana ganda la kiazi kilicholala hung'ang'ania. Asubuhi ya Krismasi vitakatwa vipande na kuchanganywa na mtungi wa mafuta, kama mgeni wetu atakuwa ametuachia chochote.